TAFAKURI YA RAMADHANI: ALAMA MOJA HAITOSHI



Wengi wetu tuna watoto ambao ndo wanaanza kufunga, na baada ya Alasiri muda kwao hauendi kabisa. Leo wape kazi: wapange viumbe wa uani kwa makundi, kwa yale wanayoyaona kwa macho yao.

Njia hii tumefunzwa. Katika Suurat An-Nuur, aya ya 45, viumbe wametajwa kwa mwendo wao: watambaao, wa miguu miwili na wa miguu minne.

1. Anzeni na miguu. Kuku 2, paka 4, panzi 6. Buibui je? Mtoto atasema ni mdudu kama panzi. Usimpe jibu, mwache ahesabu. Atakuta 8. Kisha atazame mwili: wa panzi una sehemu tatu, kichwa, kifua na tumbo, wa buibui una mbili. Basi buibui ana kundi lake.

2. Ikikaribia Magharibi, mwonyeshe popo. Atasema, "Ndege!" maana anaruka. Muulize: bawa lina manyoya kama la kuku? Halina, ni ngozi tupu. Yasiyoonekana kwa mbali mweleze: popo ana meno, anazaa, ananyonyesha. Kumbe yuko kundi moja na paka, mamalia. (Popo mtazameni tu, msimshike.)

3. Mwulize alikosea wapi. Alishika alama moja, kuruka, akaziacha nyingine. Kila akitaja kundi, adai alama ya pili na ya tatu.

Haya, sasa sisi wakubwa. Umemwona jirani anakunywa maji saa saba mchana, tayari umeshampanga: "Huyu hafungi." Kwa alama ngapi? Mgonjwa na msafiri wameruhusiwa kula, na ugonjwa wa mtu haujaandikwa usoni. Popo unaweza kumchunguza zaidi. Siri ya jirani hujapewa kazi ya kuichunguza. Suurat Al-Israa, aya ya 36, inatukumbusha kuwa masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa.

Ikiwa popo tu hatumjui kwa alama moja, itakuwaje binadamu?

Ya Allah, tujaalie macho yanayotazama vizuri na ndimi zisizo na haraka. Aamin.

Ramadhan Kareem. Mtumie na mzazi mwenzio.