Dondoo muhimu: Pikipiki ya kwanza, uliza spea kabla ya bei

Wenye pikipiki ndogo za Boxer na TVS husifu mambo yale yale: hazinywi mafuta sana, ni nyepesi, na spea hupatikana kirahisi. Lawama nazo zinafanana: cheni hulegea mapema, bolti hufunguka zenyewe, taa ni hafifu. Kwa mnunuzi wa Gendabi, chini ya Mlima Hanang, suala la spea lina uzito kuliko yote. Pikipiki ya bei chee ambayo klachi yake mpaka iagizwe Arusha italala juu ya mawe wiki nzima, na siku hizo hakuna hela inayoingia. Kwa hiyo kabla ya kulipa, zunguka maduka ya mji wa Katesh uulize bei ya klachi, cheni na sproketi za aina unayoitaka.

Wapo watakaosema cheni kulegea ni dalili ya bidhaa duni. Kwa kiasi ni kweli, lakini tope la masika likichanganyika na grisi hugeuka msasa, na hata cheni nzuri huisha. Ioshe, ikauke, uipake oili. Isukume kwa kidole katikati, upande wa chini: icheze sentimita 2 hadi 3. Ikikazwa kupita hapo, inakula beringi. Oili ya kwanza ya injini imwage ikifika kilomita 500 hivi, maana imebeba chembe za chuma. Kwa kuwa taa ni hafifu, usiku punguza mwendo, na kofia ngumu vaeni wote wawili, dereva na abiria.