Nywele Ndefu, Kichwa Nadhifu: Mwongozo wa Mwanamume Anayejiandaa kwa Shughuli Rasmi

Msimu wa ruracio (sherehe ya kupeleka mahari) na harusi ukifika, kijana wa Kiriaini, Murang'a, mwenye rasta au afro hupewa ushauri mmoja na kila mtu: nyoa. Mjomba atasema, mwenyekiti wa kamati ya harusi atasema, na mama mzazi ataomba kwa upole, "Mwanangu, kwa siku hii moja tu." Ushauri huo hutolewa kwa mapenzi, lakini si lazima kuufuata. Ukisikiliza vizuri, utagundua kwamba wageni hawakerwi na urefu wa nywele. Wanakerwa na nywele zenye vumbi, zinazonuka unyevu, zinazomwangukia mtu usoni watu wakiomba, au zinazoacha mafuta kwenye kola nyeupe. Yote hayo yana dawa, na dawa yenyewe huanza wiki mbili kabla ya siku ya shughuli.

Kanuni ya mwongozo huu ni moja: mtindo uamuliwe na kazi ambayo kichwa chako kitafanya siku hiyo. Picha nzuri ya simu haijui kama utavaa kofia ya mahafali, utainama juu ya nyama, au utapanda bodaboda kutoka Kiriaini hadi kanisani.

Kabla ya yote: simama ukijua ulikotoka

Nywele ndefu za wanaume si ugeni katika milima hii. Vijana wapiganaji wa Agikuyu wa zamani walifuga nywele, wakazisokota na kuzipaka mafuta na udongo mwekundu. Miaka ya 1950, wapiganaji wa Mau Mau katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya waliziacha zikafungamana zenyewe. Kiongozi wao Dedan Kimathi alikuwa na rasta alipokamatwa Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956, na rasta hizo zimo katika sanamu yake iliyoko barabara ya Kimathi, Nairobi, ambayo Rais Mwai Kibaki, mwana wa Othaya, aliizindua tarehe 18 Februari 2007. Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyefikia cheo cha Field Marshal msituni, alizitunza zake hadi Aprili 2022, Mama Ngina Kenyatta, mjane wa Rais Jomo Kenyatta, alipomnyoa huko Nyeri.

Kuna historia nyingine pia, nayo ni ya karibu zaidi. Kundi la Mungiki, ambalo wafuasi wake wengi walifuga rasta, lilipigwa marufuku mwaka 2002, na miaka iliyofuata rasta peke yake ilitosha kumfanya kijana wa eneo hili asimamishwe na polisi. Mzee anayekutazama kwa mashaka huenda anaikumbuka miaka hiyo. Usimkasirikie. Akikuuliza utanyoa lini, mjibu kwa utulivu: "Baba, nimezifuga miaka mingi na ninazitunza. Leo nimezifunga kwa heshima ya nyumba hii." Maneno hayo yatakuwa na uzito iwapo kichwa chako kinayathibitisha.

Hatua ya 1: Jiulize siku itakudai nini (wiki mbili kabla)

*Ruracio na ngurario.* Utakaa mbele ya wazee kwa saa nyingi, utasalimia kwa kuinama, na ikiwa ni ngurario, yaani harusi ya kimila, utakata kiande, yaani bega la mbuzi, watu wote wakikutazama. Hapo mikono yote miwili ina kazi: mmoja umeshika nyama, mwingine kisu, na kichwa kimeinama. Rasta moja ikidondoka juu ya sinia, hutakuwa na mkono wa kuirudisha, na mashangazi wa bibi harusi wataiona kabla yako. Funga nywele zote nyuma, chini, bila kuacha hata mbili za mapambo usoni.

*Harusi ya kanisani.* Utainamisha kichwa, pengine utapiga magoti, na watu watakuona kwa nyuma muda mrefu kuliko kwa mbele. Kwa hiyo kisogo ndicho sura yako ya siku hiyo.

*Mahafali.* Kofia ya mahafali ina bapa juu na hukaa sawa na paji. Fundo la utosini litaisukuma na kuiangusha. Kama unahitimu Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Karatina au Murang'a, fundo liwe chini kabisa, shingoni, au nywele zisukwe mistari inayolala kichwani.

*Mazishi.* Hapa unyenyekevu ndio pambo. Fundo la chini, hakuna shanga, hakuna pete za rasta.

*Mahojiano ya kazi.* Uliza mapema kuhusu masharti ya mavazi ya mwajiri. Watu hutaja sana uamuzi wa Mahakama Kuu wa Septemba 2019, uliomtetea mwanafunzi wa imani ya Rastafari aliyezuiwa shuleni kwa sababu ya rasta zake. Uamuzi huo ulihusu shule na imani. Usiuchukulie kama cheti cha kuingia kila ofisi. Fundo nadhifu na kingo safi zitakusaidia zaidi mlangoni.

Hatua ya 2: Chagua mtindo mmoja, uujaribu

Mwenye rasta ana njia tatu zinazofaa mahali pa heshima. Ya kwanza ni fundo la chini, ambalo hufaa karibu kila shughuli. Ya pili ni msuko mmoja au miwili inayoshuka mgongoni, mizuri kwa rasta ndefu na nzito ambazo zikifungwa fundo huvuta shingo. Ya tatu ni rasta kuviringishwa tatu tatu au nne nne ziwe misokoto minene inayoelekea kisogoni. Kazi hiyo ni ya msusi, na hudumu siku kadhaa.

Mwenye afro ana mbili: kuiacha wazi ikiwa imechanwa na kupunguzwa kwa umbo la duara, au kusukwa mistari sita hadi minane iliyonyooka kwenda nyuma. Michoro ya kupindapinda iache kwa siku nyingine. Mwenye nywele laini au za mawimbi azigawe kwa kitana, apake krimu kidogo, na kuzifunga shingoni.

Ukishachagua, jaribu mtindo huo ukiwa umevaa suti au shati la shughuli. Kola ndefu hugombana na fundo la shingoni; ukiona hivyo, pandisha fundo vidole viwili.

Hatua ya 3: Osha mapema, ukaushe hadi ndani (siku tano kabla)

Katika hatua hii ndipo hali ya hewa ya Kiriaini inapoleta kazi. Hapa ni nchi ya chai. Ukungu hushuka kutoka Nyandarua, na mwezi wa Julai jua linaweza kujificha kutwa nzima. Rasta nene inaweza kuonekana kavu nje huku moyo wake umelowa, na unyevu huo ukikaa ndani huleta harufu ya nguo iliyosahaulika kwenye beseni. Hakuna manukato yanayoifunika.

Osha asubuhi, kamwe si usiku. Tumia shampuu isiyoacha utando, sugua ngozi ya kichwa kwa ncha za vidole, na suuza mpaka maji yatoke meupe. Kamua rasta moja moja kwa taulo, kuanzia shinani hadi nchani. Kisha kausha: jua likiwepo, kaa juani, lisipokuwepo, lipia draya ya saluni. Kipimo ni hiki: bana rasta nene kuliko zote kati ya vidole viwili, katikati ya urefu wake, kisha iguse shavuni. Ukihisi ubaridi, bado ina maji.

Kama utatia rangi, fanya hivyo kabla ya siku hii, na uoshe angalau mara mbili baadaye. Rangi nyeusi mpya ikinyeshewa na mvua huchora kola.

Hatua ya 4: Sokota mizizi (siku nne hadi tano kabla)

Wengi hukimbilia kwa msusi jioni ya kuamkia shughuli. Kichwa kilichosokotwa jana hung'aa, lakini huuma, ngozi huwa nyekundu kwenye migawanyo, na huwezi kukifunga bila maumivu. Kipe siku nne kitulie.

Mwambie msusi mambo matatu. Asitumie nta, kwa sababu hunasa vumbi na haitoki kwa kuoshwa. Jeli ya mshubiri inatosha. Asikaze sana kwenye paji na juu ya masikio, kwa kuwa nywele za hapo ni dhaifu, na zikivutwa mara kwa mara hung'oka na mwisho huacha kuota kabisa. Na kama ulisokotwa ndani ya mwezi uliopita, asirudie kichwa kizima; aguse mstari wa mbele na kisogo tu. Kusokota kila wiki hukondesha rasta shinani hadi ikatike.

Mwenye afro asukwe kwa uzi siku mbili kabla. Uzi hurefusha nywele bila moto, na ukifunguliwa, afro husimama laini na sawa.

Hatua ya 5: Nenda kwa kinyozi (siku moja kabla)

Kinyozi hahitaji kugusa urefu wako. Kazi yake ni kingo: paji, mbele ya masikio, shingo na ndevu. Mwambie afuate mstari wako wa asili, asiusukume nyuma ili kupata pembe kali. Mstari uliosukumwa huanza kuota vinundu siku mbili baadaye. Shingo iwe safi kabisa, kwa kuwa fundo la chini huelekeza macho hapo. Kingo safi ndizo huwafanya watu waseme, "Huyu amejitayarisha," hata wasipojua wameona nini.

Hatua ya 6: Linda kazi yako usiku

Baridi ya huku humfanya mtu alale na kofia ya marvin ya sufu. Sufu huacha nyuzi nyuzi ndani ya rasta, na asubuhi utaonekana kama uliyelala ghalani. Funga kwanza kitambaa cha satini, kisha vaa marvin juu yake. Na kama kuna mbuzi wanaochomwa usiku huo, funika kichwa ukiwa karibu na moshi, kwani nywele ndefu hubeba harufu ya moshi kwa siku nyingi.

Hatua ya 7: Funga asubuhi

Vaa shati kwanza. Weka taulo mabegani, paka matone machache ya mafuta mepesi kwenye viganja, gusa mizizi tu, kisha pangusa nywele kwa kitambaa kikavu. Mafuta ya nchani huishia kwenye kola.

Sasa simama mbele ya kioo na ufunge fundo la chini hivi:

1. Kusanya rasta zote nyuma kwa viganja, bila brashi, mpaka zikutane pale shingo inapoanza.
2. Chagua rasta mbili nyembamba za tabaka la chini, moja kila upande. Zipitishe juu ya fungu, zifunge kama kamba mara mbili. Nywele zako zenyewe ndizo kamba isiyokata nywele.
3. Zungushia mpira wa nywele wa kitambaa, mweusi. Raba ya kawaida ya kufungia pesa hukata.
4. Pinda fungu kuelekea upande mmoja, ulizungushe lijikunje lenyewe, na ufiche ncha chini yake.
5. Choma pini mbili zenye umbo la U, moja kutoka juu, moja kutoka chini.
6. Jaribu: inama mpaka kidevu kiguse kifua, kisha inua nyusi. Fundo likicheza, ongeza pini. Paji likikuvuta, legeza papo hapo. Maumivu ya asubuhi huwa kichwa kizito saa sita mchana, na uso wa mtu anayeumwa hauwafurahishi wakwe.

Ukienda kwa bodaboda, usifunge fundo nyumbani. Vaa kofia ya usalama nywele zikiwa zimelala mgongoni ndani ya kitambaa, kisha ufunge ukifika.

Hatua ya 8: Beba vitu vinne, mpe msimamizi wako

Mpira mmoja wa ziada, pini nne, kitambaa kikavu na kioo kidogo. Msimamizi wa bwana harusi avitie mfukoni. Mvua ikinyesha kati ya gari na hema, pangusa fundo kwa kubonyeza bila kusugua. Muombe pia akutazame kisogo kabla ya kila picha. Wewe mwenyewe hutakiona.

Hatua ya 9: Fungua usiku huohuo

Shughuli ikiisha, toa pini, fungua mpira, na usugue ngozi ya kichwa taratibu kwa vidole. Usilale na fundo, hata ukiwa umechoka. Siku inayofuata kagua paji na juu ya masikio: ukiona vipele vidogo au ngozi inauma, acha nywele wazi wiki nzima na usirudi kwa msusi kabla ya wiki nne. Kunyoa humaliza kazi kwa dakika kumi. Wewe uliyechagua kufuga umechagua kazi ya wiki mbili kabla na wiki moja baada, na ukiifanya yote, hakuna mzee atakayekuwa na sababu ya kukuuliza tena utanyoa lini.