SOMO: KUPIMWA NI VYEMA, LAKINI USIDHARAU DAMU



Mama mmoja wa Oldeani, mchuma kahawa, alipimwa mlango wa kizazi akaambiwa ni mzima. Miezi michache baadaye akaanza kutokwa damu baada ya tendo la ndoa. Akatuuliza darasani, "Walimu, si nilishapimwa? Nirudi tena kwa nini?" Swali hili ni kubwa. Tulijibu pamoja.

Mlango wa kizazi ni sehemu nyembamba ya chini ya kizazi. Mtoto hupita hapo anapozaliwa. Hapa Tanzania, saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayowapata wanawake wengi kuliko saratani nyingine. Huletwa na virusi vya HPV, ambavyo huenezwa kwa kujamiiana. Haiji kwa siku moja. Mara nyingi huchukua miaka 10 au zaidi. Basi nafasi ya kuizuia ipo.

Namna mbili za kupima ni hizi. Mganga hukwangua kidogo ngozi ya juu, akaipaka kwenye kioo, ikatazamwa kwa hadubini. Au hupaka siki, akasubiri dakika moja. Penye kasoro hugeuka peupe. Mara nyingi hutibiwa siku hiyo hiyo, kabla haijawa saratani.

Lakini vipimo hivi hutazama juu tu. Iko saratani nyingine, limfoma, inayoshika chembe za kinga ya mwili. Ni nadra kuanzia kwenye kizazi. Ikianzia hapo hukua chini ya ngozi, kama mchwa ndani ya nguzo: nje huoni kitu. Kipimo cha kukwangua kinaweza kuikosa. Ili kuigundua, daktari hukata kipande kidogo cha nyama kikapimwe.

Tulimshauri mama yule aende hospitali Karatu wiki ile ile. Alikwenda.

Tukumbuke:
1. Mama wa miaka 30 hadi 50 apimwe hata kama haumwi. Mwenye virusi vya UKIMWI asingoje umri huo.
2. Binti wa miaka 9 hadi 14 apate chanjo ya HPV. Ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018.
3. Damu baada ya tendo la ndoa, damu baada ya kukoma hedhi, au uchafu unaonuka: nenda upesi, hata kama ulipimwa juzi.

Nanyi akina baba, msiseme ati hayo ni mambo ya wanawake. Toeni nauli.

MASWALI
1. Kwa nini limfoma inaweza kukosekana kwenye kipimo?
2. Taja dalili tatu za kukupeleka hospitali.