Fundi Akinaswa na Umeme: Moyo Kwanza, Kidonda Baadaye

Mwongozo huu ni kwa mafundi umeme, vibarua wa ujenzi na wasimamizi wao.

Fundi akipigwa shoti, wenzake hukimbilia kutazama kidole kilichoungua. Kidonda hicho hakionyeshi hali ya moyo. Umeme wa volti 230 ukiingia mkono mmoja na kutokea mwingine hupita kifuani, na miliampia 50 hadi 100 zaweza kuufanya moyo utetemeke tu bila kusukuma damu. Balbu ya zamani ya wati 40 hutumia zaidi ya hapo. Viganja vikiwa na jasho, hatari huongezeka.

Aliyenaswa asiguswe kabla swichi kuu haijazimwa. Kwenye nyaya za msongo mkubwa usisogee kabisa, hata ukiwa na mti mkavu, mpaka shirika la umeme lithibitishe kuwa limekata.

Akiwa hajitambui wala hapumui vizuri, kandamiza katikati ya kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kizame sentimita 5 hivi. Kutweta kwa kushtukashtuka si kupumua. Wengi hudanganyika hapo na kuacha kukandamiza. Pokezaneni mpaka apate fahamu au wahudumu wa afya wafike.

Radi ina mambo yake. Husimamisha moyo ghafla, na mara nyingi moyo huanza tena wenyewe, ila pumzi huchelewa kurudi. Asipopuliziwa hewa, moyo husimama mara ya pili. Kwa hiyo radi ikipiga watu kadhaa shambani, anza na wanaoonekana wamekufa. Anayelia atasubiri. Mwili wa aliyepigwa na radi haubaki na umeme, mshike bila hofu, ila angalia kama radi bado inapiga.

Aliyesimama na kucheka ndiye anayesahaulika. "Ni shoti tu" ni mazoea mabaya ya saiti. Kama alizimia, moyo unamwenda mbio, kifua kinauma, ni mjamzito, au umeme ulizidi volti 1,000, apelekwe hospitali apimwe ECG (kipimo cha mwenendo wa moyo) siku hiyohiyo. Kipimo kikiwa safi, naye hana dalili yoyote, na umeme ulikuwa wa kawaida wa nyumbani, daktari mara nyingi humruhusu kurudi nyumbani.

Msimamizi aandike: volti ngapi, umeme uliingilia na kutokea wapi, alinaswa kwa muda gani, alizimia au la. Aliyenaswa aende hospitali na karatasi hiyo, akisindikizwa na mwenzake, wala asiachwe ajiendeshee pikipiki.