KILA UMRI NA NJIA YAKE



Katika madarasa yetu huku Tanga, kuanzia Pangani mpaka Mkinga, akina mama hutuuliza: "Njia gani ya uzazi wa mpango ni nzuri kupita zote?" Jibu ni hili: hakuna njia moja inayowafaa wanawake wote. Tena hakuna njia moja inayomfaa mwanamke mmoja maisha yake yote. Umri hubadilika, na mambo ya ndoa nayo hubadilika.

Kupishanisha watoto si jambo geni. Bibi zetu walipokuwa wakinyonyesha walikaa mbali na waume zao, kwa kuogopa kumbemenda mtoto. Mwaka 1989 Serikali ilianzisha mpango wa taifa wa uzazi wa mpango. Utafiti wa mwaka 1991-92 ulionyesha kuwa kati ya wanawake 100 walioolewa, 7 tu walitumia njia za kisasa. Mwaka 2022 walikuwa 31.

Sasa tuwaangalie wanawake wanne.

1. Msichana ambaye hajaolewa. Akiwa na mwenzi, kondomu humkinga na mimba, na pia na ukimwi. Vidonge haviwezi kuzuia ukimwi. Wengine husema vidonge huharibu kizazi cha mtu ambaye hajazaa. Si kweli. Akiviacha, uwezo wake wa kushika mimba hurudi.

2. Mama anayenyonyesha. Maziwa yenyewe huzuia mimba, lakini kwa masharti matatu: mtoto hajatimiza miezi sita, ananyonya tu usiku na mchana bila uji wala maji, na mama hajaanza kupata hedhi. Sharti moja likivunjika, atafute njia nyingine. Amwambie muuguzi kuwa ananyonyesha, maana si vidonge vyote vinamfaa. Apumzike miaka miwili kabla ya kushika mimba nyingine.

3. Aliyemaliza eda akaolewa tena. Huyu labda anataka mtoto karibuni. Sindano hukaa miezi mitatu, lakini baada ya kuiacha, mimba yaweza kuchelewa hata mwaka. Kipandikizi hukaa miaka mitatu hadi mitano, ila siku akitaka mtoto, hutolewa, na uwezo wa kushika mimba hurudi upesi. Na je, kama mume ni mvuvi? Mume akienda dago, mke huacha vidonge. Mume anarudi ghafla, na mimba inaingia. Kidonge hakijui dago. Hutakiwa kila siku.

4. Mama aliyepita miaka 40, watoto wanamtosha. Asidhani amemaliza kuzaa kwa kuwa hedhi inaruka miezi. Bado anaweza kushika mimba. Kitanzi cha shaba hukaa miaka 10 au zaidi. Kufunga kizazi ni kwa yule tu aliyeamua kabisa kutozaa tena. Baba naye anaweza kufungwa mirija, na nguvu zake za kiume hazipungui. Mama mwenye shinikizo la damu amweleze muuguzi kabla ya kupewa vidonge.

Ndugu zetu, chumvi tunaombana, lakini vidonge haviombwi kwa jirani. Wahenga walisema, nguo ya kuazima haisitiri matako. Nenda zahanati ya Serikali. Huduma hii hailipiwi. Muuguzi atakuuliza umri wako, watoto wako, afya yako na ndoa yako. Mjibu kweli, naye atatunza siri yako. Njia ikikusumbua, rudi akubadilishie. Kubadili njia si aibu. Na enyi akina baba, fuataneni na wake zenu. Mtoto ni wenu wote wawili.

MASWALI YA KUJADILI
1. Kwa nini mama wa miaka 20 na mama wa miaka 42 wasichague njia moja kwa kuigana?
2. Taja masharti matatu ya kuzuia mimba kwa kunyonyesha.
3. Mke wa mvuvi afanye nini mume akiwa dago?