Upepo Katika Njia za Mji

Mtu asimamaye kando ya mto wenye mawe huona jinsi maji yanavyokwenda. Yakifika penye jiwe kubwa hayasimami, bali hugawanyika: mengine hupita kuume, mengine kushoto, nayo hupita kwa mbio kuliko kwanza. Nyuma ya jiwe maji huzunguka-zunguka, na majani makavu hukaa hapo yasiondoke upesi. Hewa nayo huenda vivyo hivyo, ila haionekani kwa macho. Nyumba ndefu ya mjini ni kama jiwe lile, na moshi wa motokaa ni kama majani yale.

Upepo wa juu una mbio kuliko upepo wa chini, kwa maana ule wa chini huzuiwa na miti na nyumba. Basi upepo wa juu ukipiga ukuta wa nyumba ndefu, sehemu yake husukumwa chini mpaka njiani, kisha hutoka kwa nguvu penye pembe za nyumba.

Jambo hili si dogo. Katika mji wa Leeds, nchi ya Uingereza, nyumba iitwayo Bridgewater Place ilimalizika kujengwa mwaka 2007, nayo ina orofa 32. Mwezi wa Machi 2011 upepo uliangusha lori karibu na nyumba hiyo, likamlalia mtu aliyekuwa akipita kwa miguu, akafa. Baadaye ikalazimu kujenga vizuizi vikubwa vya upepo mahali pale.

Tena kuna hatari ya moshi. Fikiri njia itokayo mashariki kwenda magharibi, yenye nyumba ndefu pande zote mbili, na upepo watoka kusini. Upepo hupita juu ya mapaa ya nyumba za kusini, hupiga ukuta wa nyumba za kaskazini, hushuka mpaka chini, kisha hurudi kusini ukipita njiani. Hapo huchukua moshi wa motokaa na kuupeleka penye nyumba za kusini, ndipo hupanda tena. Hivyo hewa huzunguka kama gurudumu. Mtu angedhani ya kuwa upepo wa kusini utasukuma moshi kaskazini. Kumbe aendaye kwa miguu upande wa kusini ndiye avutaye moshi mwingi zaidi.

Je, wajenzi wawezaje kuyajua hayo kabla ya nyumba kujengwa? Wana njia mbili. Ya kwanza ni kufanya mfano mdogo wa mji na kuutia katika chumba kirefu chenye feni kubwa. Mfano huo huweza kuwa mdogo mara 200 kuliko mji wenyewe. Feni huvuma, moshi hutolewa katika njia za mfano, na vipimo huonyesha moshi umekwenda wapi.

Njia ya pili ni hesabu. Hewa ya mji hugawanywa, kwa fikira tu, kuwa visanduku vidogo, pengine mamilioni. Kwa kila kimoja huulizwa: hewa kiasi gani imeingia, na kiasi gani imetoka? Kanuni za hesabu hiyo zilianzishwa na Navier, Mfaransa, mwaka 1822, zikatengenezwa zaidi na Stokes mwaka 1845. Mtu mmoja hawezi kuimaliza hesabu hiyo kwa mkono; kwa hiyo hupewa kompyuta.

Lakini hesabu isiyopimwa si ya kutegemewa. Basi mwezi wa Julai 2003, katika mji wa Oklahoma City, nchi ya Marekani, wataalamu walitoa katika njia za mji gesi isiyo na rangi wala harufu, isiyodhuru watu kwa kiasi kile. Vipimo viliwekwa huku na huku kuona imefika wapi, ili hesabu zilinganishwe na mambo yenyewe. Maana siku moja gesi ya sumu ikitoka mjini, ni lazima watu waambiwe upesi wakimbilie upande gani. Na akosaye hesabu aweza kuwapeleka penye sumu yenyewe.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kubadili pembe ya nyumba katika karatasi ni kazi ya siku chache. Kuibadili nyumba iliyokwisha kusimama ni gharama kubwa, na uhai wa mtu haurudi.

MASWALI
1. Kwa nini upepo wa juu una mbio kuliko wa chini?
2. Upepo ukitoka kaskazini katika njia ile, moshi utakuwa mwingi upande gani? Eleza sababu.
3. Taja njia mbili za kujua mwendo wa hewa kabla ya kujenga.
4. Kwa nini gesi ilitolewa katika mji wa Oklahoma City?