Tafakuri ya Ramadhani: Ndege usiyemwona



Ndugu zangu katika imani, leo baada ya swala ya Alfajiri usikimbilie simu wala kitanda. Kaa kidogo, kunapambazuka, sikiliza. Kwenye kichaka au shamba la jirani huenda ukamsikia tipitipi, ambaye wengine humwita dudumizi. Kumwona ni kazi, maana hupenda kujificha ndani ya majani. Lakini sauti yake haifichiki: du-du-du-du, nzito, inashuka haraka kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa, halafu mwishoni inapanda tena kidogo.

Sasa angalia. Ukisikia milio miwili mitatu tu ukasema "huyo tipitipi," unaweza kukosea. Wapo njiwa wa porini ambao nao huanza kwa mlio mmoja mmoja, kisha huharakisha na kushuka. Ndiyo maana anayejua ndege hana pupa. Husikiliza mpaka mwisho, husubiri wimbo urudiwe, hujiuliza: ni nzito au nyembamba? Mwishoni imepanda au imezimika? Hapo ndipo hutaja jina. Kama hana hakika, husema "sijui," na hapungukiwi kitu.

Ikiwa ndege tu anahitaji uangalifu huu, je, heshima ya Muislamu mwenzako? Tunasikia kipande cha maneno dukani, au sauti ya sekunde chache iliyotumwa kwenye simu, basi! Tumeshamtaja mtu, tumeshamhukumu, tumeshawatumia wengine. Ukikosea jina la ndege, ndege hadhuriki. Ukikosea jina la mtu, unaweza kuvunja nyumba. Na hapo umefunga!

Katika Surat Al-Israa, aya ya 36, Allah anatukataza kufuata jambo tusilo na elimu nalo, na anatukumbusha kuwa tutaulizwa juu ya masikio, macho na moyo.

Zoezi la leo: ukiletewa habari ya mtu, jiulize, nimeisikia mpaka mwisho? Nimemsikia mwenyewe? Kama bado, iishie kwako. Na kama ulishaisambaza, warudie uliowaambia kabla ya futari.

Ewe Allah, yajaalie masikio yetu yafunge pamoja na matumbo yetu, na utukubalie swaumu zetu. Aamiin.